Kadi zako mbili za ada: moja ifunge, nyingine ibadilishe

Mama mmoja wa Katuba, hapa Lubumbashi, ameniandikia hivi:

«Niliishi Houston miaka tisa, sasa nimerudi kumtunza mama yangu. Nimebaki na kadi tatu za mkopo za Marekani. Ya kwanza niliipata 2016, ile ya kuweka garanti ya dola 300, na inanikata dola 35 kila mwaka. Ya pili ni ya 2019, haina ada, kikomo chake ni dola 2,500, na nina deni la dola 1,100 juu yake. Ya tatu ni ya shirika la ndege, ya 2021, kikomo dola 6,000, ada dola 95. Hiyo ya tatu na ile ya pili ni za benki moja. Kijana wangu wa miaka 22 bado yuko Houston, na nilimuandikisha kwenye kadi ya ndege ili naye aitumie. Nataka kufunga hizo mbili za ada. Kaka yangu aliye Ohio anasema nikifunga hata moja, alama yangu ya mkopo itaanguka na miaka yote niliyoijenga itapotea. Na tuna wazo la kununua nyumba pamoja, mimi na kijana, baada ya miaka miwili au mitatu. Nifanye nini?»

Mama, pole kwanza na kazi ya kuuguza mzazi. Nikujibu moja kwa moja, halafu nieleze. Kadi ya garanti ifunge, ila kuna ombi moja la kupeleka kwa benki kwanza. Kadi ya ndege usiifunge: omba igeuzwe iwe kadi isiyo na ada. Alama yako ingeweza kustahimili kufungwa kwake. Anayenipa wasiwasi ni kijana wako. Na kabla hujagusa kadi yoyote, shughulikia lile deni la 1,100, kwa sababu linakula pesa yako kuliko ada zote mbili.

Nianze na kaka yako, maana maneno yake yanasemwa na watu wengi sana kule, na nusu yake ni kweli.

Alama ya mkopo ni namba inayomwambia mkopeshaji unavyoaminika kulipa. Inayotumiwa zaidi Marekani inaitwa FICO, kwa jina la kampuni iliyoanzishwa 1956 na mhandisi Bill Fair na mwanahisabati Earl Isaac. Alama hiyo kama inavyojulikana leo ilianza kutumika 1989, na inakwenda kutoka 300 mpaka 850. Inahesabiwa kutokana na ripoti zinazotunzwa na kampuni tatu: Equifax, Experian na TransUnion. Kampuni ya FICO yenyewe imeeleza mizani yake: 35% ni kama unalipa kwa wakati, 30% ni kiasi unachodaiwa, 15% ni umri wa akaunti zako, 10% ni mikopo mipya uliyoomba, na 10% ni aina za mikopo uliyonayo. Ada ya mwaka haimo. Alama haijui kama kadi yako ni ya bure au ya dola 500. Na neno «imefungwa na mwenyewe» kwenye ripoti halikupunguzii hata nukta moja.

Kaka yako anaogopa ile 15% ya umri. Hapo ndipo anapokosea. Akaunti iliyofungwa ikiwa safi, bila deni wala ucheleweshaji, haitoki kwenye ripoti siku unapoifunga. Hubaki humo hadi miaka 10, na FICO huendelea kuhesabu umri wake muda wote iko humo. Mama, wewe unajua likelemba, ule mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu. Mwanamke aliyechanga miaka mitano bila kukosa zamu, kisha akatoka kwa heri baada ya kumaliza mzunguko, jina lake halifutwi kwenye daftari. Akija kuomba kuingia likelemba nyingine mtaa wa pili, wataulizana na watamkubali. Kadi yako ya 2016 ni hivyo hivyo. Siku itakapotoka kwenye ripoti, miaka 10 baada ya kuifunga, ile ya 2019 itakuwa imezeeka na itabeba umri peke yake.

Kuna alama nyingine, VantageScore, iliyoanzishwa 2006 na zile kampuni tatu kwa pamoja. Hiyo inaweza kuziacha baadhi ya akaunti zilizofungwa inapohesabu umri. Nakwambia kwa sababu programu nyingi za simu zinazoonyesha alama bure, Credit Karma mojawapo, huonyesha VantageScore. Watu hufunga kadi, wanafungua simu wiki nne baadaye, wanaona namba imeshuka, na mkono unatetemeka. Lakini benki za mikopo ya nyumba, kwa miaka mingi, zimetumia matoleo ya FICO. Namba ya kwenye simu si lazima iwe ile atakayoiona mkopeshaji.

Sasa nusu ya kaka yako iliyo kweli. Inatoka kwenye ile 30%, kiasi unachodaiwa. Hapa hawaangalii deni tu, wanaangalia deni ukilinganisha na kikomo chako chote, yaani jumla ya pesa ambazo kadi zako zinakuruhusu kukopa. Chukua mfano wa mama mwenye mgahawa kule komini ya Kenya, hapa hapa Lubumbashi, anayepika bukari (ugali) kila siku. Wenye maduka watatu wanamwamini: kwa jumla wako tayari kumkopesha magunia kumi ya unga. Yeye amechukua moja. Kila mtu anaona mama huyu ametulia. Maduka mawili yakifunga, na lililobaki linamwamini magunia mawili tu, gunia lake ni lile lile, hajaongeza hata kilo, lakini sasa ametumia nusu ya uaminifu wake wote. Mwenye duka wa nne akimtazama atasema huyu amebanwa.

Tupige hesabu ya kwako. Vikomo vyako vitatu ni 300 na 2,500 na 6,000, jumla 8,800. Deni lako ni 1,100. Hiyo ni 12.5%. Si mbaya. Ukifunga kesho zile kadi mbili za ada, kikomo kinabaki 2,500, na deni lile lile la 1,100 linakuwa 44%. Hapo alama itashuka kweli, na kaka yako atakupigia simu kukukumbusha. Watu husema usivuke 30%. Mimi ningesema usikae hapo pia, ukiweza baki chini ya 10%. Tena FICO hutazama kila kadi peke yake vilevile, kwa hiyo ile ya 2019 tayari iko kwenye 44% hata leo, kabla hujafunga kitu.

Ndiyo maana nasema deni kwanza. Riba za kadi Marekani kwa sasa, kwa watu wengi, zinapita 20% kwa mwaka. Dola 1,100 kwa 20% ni dola 220 kwa mwaka. Ada zako mbili kwa pamoja ni 130. Umeniandikia kuhusu tundu la dola 130 na karibu nalo kuna tundu la dola 220 hukulitaja ila kwa kupita. Hapa kwetu mtu anamkimbia mkopeshaji wa banki lamberi, yule wa mtaani mwenye riba kali, kwa sababu anamuona uso na riba inatajwa mezani. Riba ya kadi haina uso, inakuja kwenye karatasi ambayo hata huipokei tena kwa kuwa uko Katuba. Punguza deni hilo hadi dola 200 hivi na ile kadi inakuwa kwenye 8%. Likiisha kabisa, ni bora zaidi: ukiwa na deni sifuri, kufunga kadi hakugeuzi hesabu hii karibu hata kidogo.

Na jambo zuri ni kwamba sehemu hii ya alama kwa kawaida haina kinyongo. Matoleo mengi ya FICO huangalia deni lililoripotiwa mwezi huu tu. Mwezi wa 44% ukipita na kufuata mwezi wa 8%, alama hupanda tena. Anayechelewa kulipa hapati huruma hiyo, nitarudi huko.

Kadi ya garanti. Umelipa dola 35 mara tisa, jumla 315. Umelipia kadi hiyo kuliko kikomo chake chenyewe, na dola zako 300 bado zimelala kwao. Sikulaumu, kadi hiyo ilikuwa mlango wako wa kwanza, na kwa mgeni aliyefika bila historia mara nyingi mlango ni huo tu. Lakini kazi yake imekwisha. Ombi lenyewe ni hili: waulize kama wanaweza kuigeuza kuwa kadi ya kawaida, bila garanti na bila ada, wakurudishie 300 zako. Benki nyingine hukubali mteja akiwa amelipa vizuri muda mrefu. Wakikataa, funga bila kusita. Kikomo cha 300 ndani ya 8,800 ni kidogo mno, na umri wake, kama nilivyosema, unabaki. Garanti hurudishwa baada ya deni lote kulipwa, mara nyingi kwa cheki ya posta, hivyo hakikisha anwani waliyo nayo ni ya kijana wako, si ile nyumba uliyohama.

Kadi ya ndege ndiyo iliyonifanya niandike kirefu.

Ukimuandikisha mtu kama ulivyomuandikisha kijana wako, kwa kawaida kadi hiyo huingia pia kwenye ripoti yake. Kama ana miaka 22 na hajawahi kuchukua kadi ya jina lake, inawezekana kabisa kwamba alama yake yote imesimama juu ya kadi yako. Kikomo cha 6,000 kinahesabiwa kwake. Historia ya tangu siku ulipomuingiza inahesabiwa kwake. Wewe ukiifunga unabaki na ile ya 2019 iliyo hai. Yeye anabaki na nini? Mkononi hana kadi hata moja iliyo wazi, na ndiye anayeishi kule, ndiye atakayetafuta nyumba ya kupanga, ndiye mtakayesaini naye karatasi za nyumba. Nimewaona wazazi wakifunga kadi kwa nia nzuri kabisa huku mtoto akijua habari siku anapokataliwa mkopo wa gari. Umenieleza habari yake kwa mstari mmoja, ila kwangu ndio mstari mzito kuliko yote katika barua yako.

Basi fanya hivi. Mwambie kijana aombe kadi yake mwenyewe, isiyo na ada, hata yenye kikomo kidogo. Ombi hilo litamshusha nukta chache kwa muda, si la kuogopa: linaonekana kwenye ripoti miaka miwili, na FICO hulihesabu miezi 12 tu. Aitumie kidogo, alipe yote kila mwezi, aiache ikomae angalau miezi sita. Wakati huo wewe piga simu benki na useme: sitaki kuifunga kadi hii, nataka mnigeuzie iwe ile isiyo na ada. Kadi za mashirika ya ndege mara nyingi hugeuzwa ndani ya familia yake tu, yaani kutoka kadi ya ada ya shirika lile kwenda kadi ya bure ya shirika lile lile. Kwa kawaida wanataka akaunti iwe imepita mwaka mmoja, na yako imepita. Uliza maswali matatu kabla ya kukubali: akaunti itabaki ile ile na tarehe yake ya 2021? Mtanichunguza upya kama mwombaji mpya? Kijana wangu atabaki kwenye kadi? Majibu unayotaka ni ndiyo, hapana, ndiyo.

Unaweza pia kuwaambia kwa ukweli kwamba ada imekushinda na unafikiria kuondoka. Mara nyingine hukusamehe ada ya mwaka huo au hukupa maili za ziada (pointi za kulipia tiketi za ndege) ili ubaki. Chukua kama inakufaa, lakini kumbuka mwaka ujao watarudi na 95 zao.

Wakikataa kuigeuza kabisa, kuna njia ya pili, na una bahati kwamba kadi hizo mbili ni za benki moja. Waombe wahamishe sehemu ya kikomo cha kadi ya ndege waiweke kwenye kadi ya 2019. Si benki zote hufanya hivyo, ila nyingi huruhusu. Wakihamisha 5,500, kadi yako ya bure inakuwa na kikomo cha 8,000. Hata ukiwa bado na deni la 1,100, hiyo ni karibu 14%, na kadi ya ndege inaweza kufungwa bila alama yako kushtuka. Hii inakusaidia wewe lakini haimsaidii kijana, ndiyo maana kadi yake mwenyewe lazima itangulie.

Maili zako usiziogopee sana. Za kadi ya shirika la ndege hukaa kwenye akaunti yako ya shirika, si ya benki, na kadi ikifungwa zinabaki huko, ila angalia kama zina tarehe ya mwisho. Pointi za benki yenyewe ndizo hupotea siku akaunti inapofungwa. Na kama shirika lenyewe ni United, maili hizo zinaweza kulipia tiketi ya Ethiopian inayotua hapa kwenye uwanja wetu wa Luano, kwani wote wako Star Alliance, muungano wa mashirika ya ndege. Kwa mtu mwenye mtoto Houston na mama mgonjwa Katuba, hilo si jambo dogo.

Wakati. Umesema nyumba ni baada ya miaka miwili au mitatu. Basi huu ndio muda mzuri wa kufanya mageuzi haya yote. Ingekuwa mnaomba mkopo ndani ya miezi sita, ningekwambia usiguse kitu, lipa ada zote mbili na unyamaze mpaka karatasi za nyumba zisainiwe. Kwenye mkopo wa nyumba wa dola 200,000, tofauti ya nusu asilimia ya riba ni kama dola 1,000 katika mwaka wa kwanza peke yake. Hakuna mtu anayeokoa 130 ili apoteze 1,000. Na kadi ya ndege, jitahidi uzungumze nao karibu na siku ada inapoingia. Benki nyingi hurudisha ada ukifunga au ukibadilisha ndani ya siku kama 30 tangu ilipokatwa.

Sasa ile habari ya kuchelewa, niliyosema nitairudia. Hii ndiyo hatari kubwa ya mtu aliyerudi nyumbani, kuliko kufunga kadi. Niliwahi kumsaidia kijana aliyerudi Lubumbashi akiacha kule kadi moja ya ada. Haikuwa na deni, hakuitumia, akaisahau. Ada ikaingia yenyewe. Kwa hesabu ya benki hiyo ni deni kama deni lingine. Taarifa zilikwenda kwenye anwani ya zamani, namba yake ya simu ya Marekani ilikuwa imekufa, na siku 30 zikapita, kisha 60. Ucheleweshaji wa siku 30 ukishapelekwa kwenye ripoti hukaa miaka saba, na unagusa ile 35%, sehemu nzito kuliko zote. Kwa ada ambayo hakujua hata imekatwa, alama yake iliumia kuliko kama angefunga kadi tatu kwa siku moja. Nilihuzunika naye sana, kwa sababu hakuwa mtu wa madeni.

Kwa hiyo kadi utakayoiacha hai, iache ikiwa inajilipa. Washa malipo ya kila mwezi ya moja kwa moja kutoka akaunti yako ya benki kule Houston, na akaunti hiyo iwe na pesa. Usifunge akaunti ya benki kabla ya kadi, wengi hukosea mpangilio huo. Namba ya simu inayopokea ujumbe wa namba za siri za uthibitisho kutoka benki iwe inayofanya kazi, ya kijana wako kama huna nyingine.

Na ile ya 2019 usiifunge kamwe. FICO haiwezi kutoa alama kama hakuna akaunti yenye umri wa miezi sita au zaidi, na angalau akaunti moja iliyoripotiwa ndani ya miezi sita iliyopita. Aliyefunga kila kitu na kuja kukaa Lubumbashi miaka mitatu anaweza kurudi akute hana alama kabisa, ijapokuwa historia yake safi bado iko kwenye ripoti. Iwekee bili moja ndogo, tuseme simu ya kijana, ijilipe kila mwezi. Kadi isiyotumika kabisa benki inaweza kuifunga yenyewe, hata bila kukuarifu mapema. Kuitumia hapa mjini sikushauri. Kadi nyingi za Marekani hukata hadi 3% kwa malipo ya nje, na M-Pesa au Airtel Money inakutosha.

Siku ya kupiga simu, tumia namba iliyo nyuma ya kadi kupitia intaneti. Saa kumi alasiri hapa, Houston ni saa tatu asubuhi wakati wa kiangazi chao, saa mbili wakati wa baridi. Piga wewe mwenyewe. Usimpe mtu wa saiba namba zako akufungie kadi, hata awe mtoto wa jirani. Kwa ile ya garanti, hakikisha deni ni sifuri na hakuna malipo ya kujirudia yaliyofungwa kwayo, kisha omba barua ya kuthibitisha kwamba imefungwa kwa ombi lako. Baada ya miezi miwili chukua ripoti zako kutoka kampuni zote tatu kupitia AnnualCreditReport.com. Ni bure, na kujitazama mwenyewe hakupunguzi alama. Ukikuta kadi ya garanti bado inaonekana wazi, au ada ya 35 imeingia tena baada ya kuifunga, ile barua ndiyo utakayowatumia.